Fungua Ramani Kabla ya Kuwasha Lori

Mazungumzo na madereva wa malori na wananchi wa mpakani, Rusumo



Lori lililopotea njia si tatizo la dereva peke yake. Likiingia katika barabara ya kijiji halina pa kugeuzia. Kalavati la wanakijiji huvunjika, watoto watokao shule huhatarishwa, na dereva mgeni hushukiwa kuwa mfanya magendo. Ndiyo maana leo nazungumzia kitabu cha ramani za barabara.

Simu ni msaidizi mzuri, lakini aghalabu hutafuta njia ya haraka bila kujua uzito wa mzigo wako.

Unaponunua kitabu, tazama mambo matatu. Kwanza, mwaka wa kuchapishwa, kwani barabara hubadilika. Pili, skeli: katika 1:1,000,000 sentimita moja ni kilomita 10, katika 1:2,000,000 ni kilomita 20, na njia panda nyingi hazionekani. Tatu, ufunguo unaotenganisha lami na changarawe na kuonyesha vituo vya mpakani.

Jioni kabla ya safari, keti na utingo wako mwandike kila njia panda. Atokaye Kahama apite Lusahunga hadi Nyakasanza; hapo aendaye Rwanda hushika njia ya Rusumo, na aendaye Burundi huelekea Ngara na Kabanga. Ukikosea hapo, utafika kwenye mpaka usioandikwa katika hati zako. Gari likiwa mwendoni, kitabu kifungwe.

Hata hivyo, ramani haisemi yote. Haitakukumbusha kwamba katika Jumuiya ya Afrika Mashariki uzito wa lori na mzigo wake haupaswi kuzidi tani 56, wala kwamba ukivuka Rusumo kuingia Rwanda unaacha kushoto na kushika kulia. Haijui daraja lililosombwa na mvua ya juzi. Hayo waulize askari na wenyeji. Kuuliza si ujinga.

Nanyi wananchi, mkiona lori limeshika njia isiyo yake, mwelekezeni dereva kabla hajalifikia daraja, kisha mkiarifu kituo cha polisi kilicho karibu. Mgeni aliyeelekezwa mapema huacha barabara yenu salama.