Kuhamishwa Si Kusafiri
(Mazungumzo yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kusafiri katika nchi yetu ya Tanzania. Hapana shaka wengi mtajiuliza: sisi tunaohamishwa kila baada ya miaka michache, toka Mtwara hata Bukoba, tuna haja gani ya kuambiwa habari za safari? Walakini mimi nasema kuhamishwa si kusafiri. Mtumishi ahamaye huchukua kitanda chake, masufuria yake, na kipimo cha kwao. Na hicho kipimo ndicho kizito kuliko mizigo yote.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Tanga. Kwetu mvua huja mara mbili kwa mwaka: vuli kuanzia Oktoba, na masika kuanzia Machi. Nilidhani Mungu ameigawia nchi nzima vivyo hivyo. Nilipopelekwa Dodoma nilifika mwezi wa Oktoba, nikaona mashamba matupu, vumbi, na watu wameketi chini ya mibuyu wakizungumza. Siku ya tano nikaandika taarifa kwa wakubwa wangu kwamba watu wa kijiji kile ni wavivu, wala hawastahili kupewa mbegu za msaada. Nilipokwisha kuipeleka, ndipo nilipomwuliza mzee mmoja kwa nini hawapandi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, mbegu nikiitia ardhini leo nitawalisha mchwa. Mvua yetu ni moja, nayo bado haijaondoka huko iliko."

Siku ile ile nilikwenda ofisini kuomba nirudishiwe taarifa yangu. Nilirudishiwa, pamoja na maneno ambayo sitayasoma hapa.

Yule mzee alisema kweli. Dodoma hupata majira mamoja tu ya mvua, aghalabu toka Desemba hata Aprili, kiasi cha milimita 570 hivi kwa mwaka. Na katikati ya majira hayo mara nyingi mvua hukatika. Ndiyo sababu mtama na uwele huaminiwa kuliko mahindi, kwa kuwa huvumilia. Lakini Tukuyu, karibu na Mlima Rungwe, mvua hupita milimita 2,000, na migomba na chai hustawi. Nchi ni moja, na nyaraka tunazopeleka pande zote mbili ni zile zile.

Tangu hapo nimekuwa nikitumia sehemu ya likizo yangu kusafiri bila kazi yo yote. Njia niipendayo ni Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Tangu 2024 iko pia treni ya umeme iendayo Dodoma kwa saa chache tu, nami naisifu nikiwa na haraka. Lakini treni ya zamani humpa mtu nafasi ya kuuliza.

Ukiipita Kilosa utaona jinsi reli inavyofuata bonde la mto. Hapo, kati ya Kilosa na Gulwe, mafuriko yaliikata vibaya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Ajabu ni kwamba maji hayo hutoka upande wa Dodoma, nchi ile ile niliyoiita kavu. Mbele ya Bahi treni hupanda ukingo wa Bonde la Ufa hata Manyoni, kisha huingia vichaka vya Itigi, vilivyosongamana hata mtu hapenyi bila panga. Tabora ni miembe, asali na misitu ya miombo. Uvinza watu walichemsha chumvi karne nyingi kabla ya reli. Mwisho ni Kigoma, na Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470 hivi, na migebuka ya kuchoma, ambayo peke yake yatosha kuwa sababu ya safari.

Katika kila kituo mimi huuliza neno moja kwanza: mvua yenu huja lini? Watu hufurahi kuulizwa, nao hueleza mpaka treni ipige honi.

Nimetaja Tukuyu, lakini nilikaa huko siku tatu tu. Wako hapa wanachama waliotumika Rungwe miaka mingi. Nawaomba wasimame wanisahihishe. Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti.