Daftari la Misiba na Uchunguzi wa Afya Mitaani
Hotuba ya Kamati ya Ustawi katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twasimama mbele yenu kuomba kibali cha jambo moja. Twaomba daftari la misiba la chama chetu litumiwe katika uchunguzi wa afya ya mitaa tunamokaa, yaani Kawangware, Kangemi na Kibera, na uchunguzi huo ufanywe na vikundi vyetu pamoja na wataalamu, wala si na wataalamu peke yao.

Jiji la Nairobi likihesabiwa kwa jumla huonekana lina afya njema. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa hapa jijini, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 62 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mashambani walikuwa 113. Lakini mwaka 2000 watafiti wa kituo cha APHRC walipouliza nyumba kwa nyumba katika vijiji vya mabanda vya jiji hili hili, walikuta 151. Maana yake, baba aliyemleta mwanawe mjini akidhani amemkaribisha hospitalini, alikuwa amemtoa penye nafuu. Hesabu hizo ni za zamani, na vifo vya watoto vimepungua tangu hapo. Hata hivyo Lavington na Kawangware zingali zinapakana, na zikijumlishwa pamoja, afya ya wenye bustani huyafunika maradhi ya wenye mabanda.

Kuchunguzwa bila kuulizwa si jambo geni katika mji huu. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulitiwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Ugonjwa ulionekana, wenye nyumba hawakuonekana.

Njia nyingine ipo, nayo imekwisha kujaribiwa karibu nasi. Mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu nafasi tupu katika ramani. Vijana wakaaji wa humo, katika kazi iliyoitwa Map Kibera, walitembea vichochoroni wakiwa na vyombo vya kupimia mahali, wakaandika zahanati, vyoo, maduka ya dawa na vituo vya maji. Mwaka huo huo sensa ilihesabu Kibera watu 170,070, ilhali wengi wetu tumezoea kutamka milioni. Tukiomba zahanati kwa ajili ya watu wasiokuwapo, ombi letu hudharauliwa hata pale lilipo la haki. Nao wenzetu wa Mukuru, upande wa viwandani, pamoja na Muungano wa Wanavijiji ulioanzishwa mwaka 1996, walikusanya habari za nyumba zao, maji yao na gharama wanazotozwa. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ikatangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango.

Sisi tuna daftari. Kila tunapochanga fedha za kumsafirisha marehemu nyumbani, Katibu huandika umri, mtaa na, jamaa wakikubali, maradhi. Hakuna ofisi iliyo na habari hizo kwa namna tulivyo nazo, maana hazikuandikwa kwa udadisi bali kwa sababu tulikuwa matangani. Kina mama wa vikundi vya akiba nao wajua ni ploti ipi watoto huharisha kila mvua inyeshapo, na mfereji upi hukauka.

Twajua baadhi ya wazee hawapendi watu wahesabiwe, hasa wafu na watoto. Hatuidharau desturi hiyo. Ndiyo maana twapendekeza yahesabiwe maradhi na mitaa, na majina yabaki humu ndani. Kuna pia manung'uniko ya haki: watafiti wamekuja mara nyingi, wameuliza, wameondoka, wala hatukupata hata karatasi moja. Basi masharti yetu ni kwamba maswali yatungwe pamoja nasi, vijana wetu watakaouliza walipwe, na matokeo yasomwe hapa kwa Kiswahili kabla ya kupelekwa popote. Tukiisha kuyapata, tutayapeleka Kaunti tukiwa na Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu haki ya afya, maji safi na usafi wa mazingira.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Asiyependa habari za jamaa yake zitumiwe, hata bila jina, na amwarifu Katibu kabla ya siku hiyo. Ukurasa huo utafungwa, wala hataulizwa sababu.