Idhini Kwanza, Kisu Baadaye
Msikilizaji wa Garsen, Hola na Bura, umeshauriwa ufanyiwe upasuaji wa kupunguza unene? Usipande basi la Mombasa kabla ya kuuliza mambo mawili.

La kwanza: nani atakupasua? Pata jina lake kamili. Litafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, KMPDC. Muulize: umefanya upasuaji huu mara ngapi? Nikirudi Garsen, nani ataniangalia?

La pili: nani atalipa? Hospitali iombe idhini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, au ya bima yako, kabla ya siku ya upasuaji. Uliza kipi kinalipiwa, na kipi kitatoka mfukoni mwako. Jibu lije kwa maandishi. Lipige picha kwa simu.

Kumbuka: idhini kwanza, kisu baadaye. Narudia: idhini kwanza, kisu baadaye.