Kichwa cha Saa: Mlango Mdogo wa Saa ya Mkono

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo sana, ambacho wengi wenu mnacho mkononi, lakini ni wachache wanaokiangalia. Kitu hicho ni kile kidude cha duara, chenye vijimeno ukingoni, kinachotokeza ubavuni mwa saa ya mkono, karibu na tarakimu 3, ambayo sisi Waswahili huisoma saa tisa. Mafundi wa Ulaya hukiita kwa neno lenye maana ya taji. Mimi nitakiita kichwa cha saa.

Sababu ya kuichagua habari hii ni hasara iliyonipata mimi mwenyewe. Marehemu baba aliniachia saa yake, nayo ilikuwa ikienda vizuri sana. Siku moja, nikiwa njiani kwenda kituo cha Soga kupanda gari la moshi, nilikivuta kichwa chake ili niigeuze mishale, kisha nikasahau kukirudisha ndani. Mvua ya masika ikaninyeshea hata nikalowa mwili mzima. Jioni nilipoona kosa langu nilikisukuma kichwa mahali pake, nikadhani yamekwisha. Haukupita muda mrefu, saa ikasimama. Nikaipeleka kwa fundi wa saa Kisarawe. Mzee yule aliifungua, akaitazama kwa kioo chake cha jicho, akasema, "Mwanangu, saa hii haikufa kwa uzee. Uliuacha mlango wazi." Ndani yake kutu ilikuwa imekwisha kula magurudumu.

Neno hilo la mlango sikulisahau tena. Nalo ni neno la kweli, kama mtakavyoona katika habari za kale.

Hapo zamani saa za mfukoni hazikuwa na kichwa cha namna hii. Kila saa ilikuwa na ufunguo wake mdogo, na mwenye saa aliutia katika tundu, akauzungusha mpaka kamani ikaze. Tena, ili kuigeuza mishale, ilimpasa kutumia ufunguo vilevile. Lugha yetu imeihifadhi habari hii, kwa maana wazee wetu walisema "kutia saa ufunguo," hata kwa saa isiyokuwa na ufunguo wowote. Lakini ufunguo ulikuwa na taabu zake. Ulipotea upesi, na tundu lake liliingiza vumbi.

Mafundi wengi walitafuta njia ya kuuondoa ufunguo huo. Mwaka 1820 Mwingereza mmoja, Thomas Prest, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa saa iliyojazwa kwa kuzungusha kichwa. Njia yake ilikuwa nzuri, ila kichwa kile hakikuweza kuigeuza mishale. Ndipo alipotokea Mfaransa Adrien Philippe. Yeye alitengeneza kichwa kimoja chenye kazi zote mbili, yaani kuijaza saa na kuigeuza mishale, akakionyesha katika maonyesho ya Paris mwaka 1844. Bwana Antoni Patek, Mpolandi aliyekuwa akifanya biashara ya saa mjini Geneva, aliiona kazi ile akaipenda. Wakashirikiana, na tangu mwaka 1851 majina yao mawili yakawa jina la kampuni yao, Patek Philippe.

Sasa sikilizeni jinsi kichwa kinavyofanya kazi. Kimeshikwa na kijiti chembamba cha chuma kinachoingia ndani ya saa. Kichwa kikiwa kimesukumwa ndani, kijiti huzungusha magurudumu yanayoikaza kamani, nayo kamani imekunjwa ndani ya kikopo. Ikisha kukazwa, hujikunjua polepole na kuiendesha saa. Ukikivuta kichwa nje, kipande chenye meno pande mbili husogea. Huyaacha magurudumu ya kujazia na kuyashika magurudumu ya mishale. Ni kama mtu mmoja aliye mlangoni, ambaye mara humsikiliza aliye chumba cha kulia, mara aliye chumba cha kushoto.

Katika vita vya mwaka 1914 hata 1918 askari wengi walianza kuzivaa saa mkononi, kwa kuwa haikuwa rahisi kuitafuta saa mfukoni huku umeshika bunduki. Katika saa nyingi za mfukoni kichwa kilikaa juu. Katika saa za mkono kikawekwa ubavuni, ili mtu aliyevaa saa mkono wa kushoto akifikie kwa mkono wa kuume. Lakini huko vitani matope, vumbi na maji viliingia kwa tundu la kichwa.

Mwingereza John Harwood, mtengenezaji wa saa, aliliona jambo hilo, akaamua kuuziba mlango kabisa. Alitengeneza saa ya mkono inayojijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, isiyokuwa na kichwa ubavuni. Mishale yake iligeuzwa kwa kuzungusha ukingo wa kioo. Wengine walifuata njia nyingine, wakauacha mlango lakini wakautia komeo. Mwaka 1926 kampuni ya Rolex ilitoa saa iitwayo Oyster, ambayo kichwa chake hufungwa kama parafujo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1927 bibi mmoja Mwingereza, Mercedes Gleitze, aliivaa saa hiyo alipoogelea katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa. Alikaa zaidi ya saa kumi katika maji ya baridi kali. Hakufika ng'ambo, lakini saa ilipotazamwa ilikuwa ingali ikienda sawasawa.

Pengine mtu atauliza, "Mimi mkulima wa Kibaha, au mwanafunzi wa Kisarawe, yananihusu nini mambo haya?" Yanakuhusu sana. Wazee wetu walitazama jua, na jua liliwatosha kwa kazi za shamba. Lakini reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907 ilileta hesabu ya dakika katika nchi hii. Na sasa, tangu mwaka 2024, gari la moshi la umeme hupita Pugu, Soga na Ruvu. Gari hilo halimngoji mtu aliyetazama kivuli cha mwembe, wala chumba cha mtihani hakimngoji mwanafunzi aliyechelewa.

Basi shikeni mambo haya machache.

Kwanza, ivueni saa mkononi kabla ya kuijaza, ili kijiti kisipindwe. Jazeni kila siku kwa wakati ule ule, na kichwa kikianza kuwa kizito, acheni. Wala msikilazimishe.

Pili, saa yenye tarehe isibadilishwe tarehe kwa kichwa kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa sababu katika saa nyingi magurudumu ya tarehe huwa yameshikana wakati huo, nayo huweza kuvunjika. Na tarehe ikibadilika adhuhuri, jueni kwamba saa imekosewa nusu siku. Izungusheni mishale mbele saa kumi na mbili.

Tatu, msikivute kichwa mkiwa na mikono yenye maji, au mkiwa mvuani, au mtoni. Kila mkimaliza, kisukumeni mpaka kifike mwisho. Kama ni cha parafujo, kifungeni taratibu. Ndani yake mna kipete cha mpira kinachozuia maji, na mpira huchakaa. Fundi na aukague.

Nne, hata saa ya betri ina mlango huo huo. Haihitaji kujazwa, lakini maji huiua kama nyingine.

Mwisho, kichwa hugeuza mishale tu. Hakijui saa ya kweli. Mtu akiifuata saa ya jirani iliyokosea, naye hukosea. Ilinganisheni saa yenu na redio. Huko Uingereza alama sita za saa zilianza kupigwa redioni mwezi wa Februari mwaka 1924, na tangu siku hizo maelfu ya watu wamevuta vichwa vya saa zao, wakangoja mlio wa mwisho, wakavisukuma ndani.

Saa ya baba ninayo hata leo, sandukuni. Haiendi. Lakini kichwa chake kimesukumwa ndani mpaka mwisho, na kila niionapo hukumbuka kutazama ile niliyoivaa. Nanyi, kabla ya kulala usiku huu, tazameni zenu.

Kwa herini.