Ganda la kirusi kwenye kioo

Nimekuwa nikiwagombeza watoto kwa michezo ya kompyuta. Leo nalegeza kauli. Mwaka 2013 wanasayansi wa Illinois, Marekani, walilijenga kwa kompyuta ganda la ndani la kirusi cha UKIMWI: atomu milioni 64, maji yakiwemo. Ili mtafiti aligeuze apendavyo, huku na huku, akikagua nyufa zake, picha huchorwa upya mara nyingi kila sekunde, na atomu zilizofichika nyuma hurukwa. Chipu za kazi hiyo zilikuzwa na soko la michezo ile ile. Sisemi dawa ilitoka pichani. Lakini dawa inayolishambulia ganda hilo ipo, lenacapavir, na katika majaribio yaliyotangazwa 2024, wanawake 2,134 wa Uganda na Afrika Kusini walidungwa, hakuna aliyeambukizwa.