Injini ya boti ikikohoa ukiongeza moto

Kutoka hapa Bujumbura, leo tunazungumza na wewe unayevua au kuvusha watu kwenye Ziwa Tanganyika.

Injini inawaka vizuri, lakini ukiongeza moto inakohoa na kuzimika. Mara nyingi shida ni mafuta. Mwendo ukiwa mdogo, injini inakunywa kidogo. Ukiongeza moto inadai mengi, na hapo kasoro inajitokeza.

Kwanza, legeza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki. Ikiwa imefungwa, tanki halipumui na mafuta hayatoki.

Pili, injini ikianza kukohoa, mwenzako abonyeze pampu ya mpira ya mkono. Nguvu zikirudi, mwambie fundi aangalie pampu ya mafuta ya injini. Pampu ya mkono ikinyonywa hadi kuwa bapa, njia imeziba kati yake na tanki.

Tatu, chota petroli ya chini ya tanki, weka kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Kama kuna maji, yatakaa chini. Mwaga petroli hiyo mbali na ziwa, kisha safisha tanki na chujio.

Bado inakohoa? Angalia plagi, halafu fundi asafishe kabureta.

Fanya kazi hii ufukweni, mbali na sigara na jiko. Usipakie mtu kabla ya kuijaribu. Na kila safari, beba makasia na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, hata mtoto. Upepo wa ziwa haumsubiri fundi.