Duke ilipobanwa

Msikilizaji, baada ya habari za michezo, tuzungumzie jambo moja: timu inayofunga kwa raha, ikibanwa tu, inapotea.

Turudi San Antonio, Aprili 2025, nusu fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani. Duke ya Cooper Flagg na Khaman Maluach, yule kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, inaongoza Houston kwa pointi 14. Lakini katika dakika kumi za mwisho, ukiacha mitupo huru, Duke ilipata kikapu kimoja tu. Kimoja!

Sikiliza sekunde zile za mwisho. Houston inafunga pointi tatu. Duke ina sekunde tano kuuingiza mpira uwanjani, na kila wa kupokea ana mtu kifuani. Pasi inanaswa, mpira unatumbukizwa. Mwisho: Houston 70, Duke 67.

Kwa nini hili likuhusu? Kwa sababu kubana hakuhitaji urefu wala fedha, kunahitaji mapafu. Kocha wa shule yoyote anaweza kukufundisha.

Kwa upande mwingine, wapo wanaolaumu faulo aliyohesabiwa Flagg mwishoni. Wana hoja, ila faulo haikuficha kikapu dakika kumi.

Na wabanaji nao? Siku mbili baadaye, kwenye fainali, Houston ilishindwa hata kurusha mpira wa mwisho. Florida ikashinda 65 kwa 63.

Je, kocha mwenye saa moja ya mazoezi aanze na lipi: kubana, au kutulia unapobanwa?